Kabla Hujafunga Gari Nyuma ya Kempa

Kempa yangu, yaani gari la kulala safarini, ni HiAce tu. Ilikuwa matatu, nikaing'oa viti, fundi wa Changamwe akaniwekea kitanda, sinki na tangi la maji la lita 80. Urefu wake haufiki mita tano. Mwenye motohomu, ile nyumba ya magurudumu, ya mita 12 kule Marekani ana sababu ya kufunga Jeep nyuma, maana dude lile haliingii sokoni. Yangu Kongowea inapita. Lakini kila tukifika Watamu, tukishatandaza hema la pembeni, mama watoto akitaka samaki wa jioni ni lazima tukunje kila kitu: hema, meza, jiko, vyombo. Nusu saa kukunja, nusu saa kutandaza upya, kwa kilo mbili za changu.

Ndipo nikaazima Suzuki ya shemeji. Fundi akachomelea fremu ya pembetatu na ndoano ya kuvutia nyuma ya HiAce. Yeye ndoano hiyo, "tow bar" ya Kizungu, huiita "toba". Siku hiyo nilicheka.

Suzuki hatukuichagua kwa mapenzi. Vitz, Demio na wenzao waliojaa hapa mjini wengi ni otomatiki, na otomatiki haivutwi magurudumu yote yakiwa chini. Oili ya giaboksi husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, vyuma vinasagana vikavu mpaka giaboksi inaungua. Kuweka frii si dawa. Itabidi magurudumu ya mbele yainuliwe, au gari lipakiwe zima kwenye trela, na trela ina uzito wake, usajili wake na namba yake. Suzuki ya shemeji ni ya gia za mkono, tena ina kile kigia cha pembeni cha magurudumu manne kinachoingia frii, kwa hiyo ilifaa. Ila ufunguo hauchomolewi, la sivyo usukani unajifunga na gari linafuata likiwa limekakamaa. Ukiuacha ufunguo kwenye swichi safari nzima, unafika Kilifi betri imelala. Sisi yalitukuta.

Lakini somo lenyewe nililipata Mtwapa, kwenye kituo cha mafuta. Niliingia kwa madaha, mbele nikakuta lori la mafuta limeziba njia ya kutokea na dereva wake hayupo. Nirudi nyuma? Huwezi. Ukirudi na gari lililofungwa kwa fremu, magurudumu yake ya mbele yanageuka kombo, na ukilazimisha fremu inapinda. Dawa ni kufungua. Nikashuka, jua la saa saba, nikavuta pini. Haitoki. Nikaigonga kwa spana ya tairi, haitoki. Nyuma yangu matatu mbili zinapiga honi. Kijana muuza mabuyu akaniangalia wee, mwisho akasema, "Mzee, hiyo imebanwa na uzito. Waambie hawa waisukume Suzuki mbele kidogo." Vijana watatu wa boda wakaegemea nyuma ya Suzuki, nikaichomoa pini kwa vidole viwili. Tangu hapo kila nikifungua natafuta kwanza pahali tambarare, magari yakiwa yamenyooka.

Barabara ya Malindi haina milima ya kutisha. Voi ni habari nyingine. Ni kama kilomita 160 kutoka Mombasa, na unatoka usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 500. Kuanzia Mazeras malori yanapanda kwa gia moja, nawe huyapiti, kwa sababu ukiwa na mkia kulipita lori kunataka nafasi ambayo barabara ile haikupi. Mshale wa joto ulipanda hadi nikasimama Mackinnon Road, pale msikiti wa Sayyid Baghali, ambapo wasafiri wengi husimama hata bila tatizo. Sadaka yangu siku hiyo ilikuwa nono. Na kupanda si kitu, kurudi ndiko kulikonitoa jasho. Tunateremka kuelekea Miritini huku tani nzima inanisukuma mgongoni, breki zinanuka. Ulaya trela isiyo na breki zake hairuhusiwi kuzidi kilo 750. Mimi nilikuwa navuta tani kwa breki za matatu iliyostaafu, na ndani nina maji kilo 80, gesi, friji na watu wanne.

Nyumbani nikapiga hesabu. Bila mkia HiAce hunipa kilomita 10 kwa lita, yaani lita 16 mpaka Voi. Ikivuta ni kilomita 7, karibu lita 23. Suzuki ikiendeshwa yenyewe ingekunywa kama lita 13. Kumbe kuvuta kulinipunguzia lita sita tu! Kwa lita sita ndio nihatarishe familia? Siku hizi tukienda Tsavo, ambako ndani ya mbuga hakuna boda na huruhusiwi kutembea kwa miguu ovyo, mama watoto anaendesha Suzuki nyuma yangu. Kempa inabaki kambini na hema lake, tunatazama tembo kwa Suzuki. Kama nyumbani kwenu leseni ni moja, hapo ndipo kuvuta kunastahili kufikiriwa. Basi uiweke fremu yenye breki, taa za nyuma zifanye kazi, na bima wakukubalie kwa maandishi.

Kwa Pwani, hapana. Diani, Kilifi, Watamu, tuktuk haiko mbali. Upande wa Likoni ndio usiseme: maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali na fremu inakwaruza chini, ingawa sasa unaweza kuikwepa feri kwa kuzungukia barabara ya Dongo Kundu. Nilipitia daftari langu la safari: katika safari kumi na moja, gari la pili lilihitajika kweli mara mbili, zote Tsavo.

Fremu nimemrudishia fundi. Toba yenyewe sikuing'oa. Nimeifungia rafu ya baiskeli mbili, na sasa mwenye hamu ya changu anapiga pedeli mwenyewe.