Aleluya ya tatu haikutoka: kwa wadogo zangu mnaoimba kwaya

Nilikuwa na miaka 19, naimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, katika kwaya ya vijana ya parokia yetu, Morogoro. Kwaresima nzima tulifanya mazoezi jioni nne kwa wiki, na Juma Kuu tukafanya kila siku. Jumatano sauti ikaanza kukwaruza. Alhamisi Kuu nikaimba hivyo hivyo. Ijumaa Kuu asubuhi tulizunguka mitaa na Njia ya Msalaba, jua kali, vumbi, hakuna spika, na mchana nikaimba tena kwenye ibada. Jumamosi niliamka siwezi hata kumwamkia mama. Lakini nikibana koo, noti za juu zilikuwa bado zinatoka, nikajiambia basi kumbe niko salama.

Mama alinichemshia tangawizi. Shangazi akaniletea karafuu za kutafuna. Mwenzangu wa sauti ya pili akasema meza yai bichi. Nilifanya yote matatu. Karafuu ndizo zilizoleta nafuu: koo liliacha kuuma kabisa, na saa mbili usiku nikaenda mkeshani nikiwa na furaha.

Wakatoliki wenzangu mnaijua Aleluya ya mkesha wa Pasaka. Kwaresima yote haijasikika kanisani, na usiku ule huimbwa mara tatu, kila mara ikipandishwa juu kidogo. Ya kwanza niliipata. Ya pili ilitoka ikiwa imejaa hewa. Ya tatu nilifungua mdomo na hakikutoka kitu, hata mlio. Nikabaki nimesimama mdomo wazi katikati ya watu wanaoimba, machozi yananitoka, na jirani yangu akadhani nimeguswa na ibada.

Miezi miwili baadaye nilikuwa bado naongea kama mtu mwenye mafua. Na mazoezini nilikuwa naenda! Duka la dawa walishaniuzia antibaiotiki mara mbili. Mwishowe baba akanipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye alipitisha kamera nyembamba puani hadi kooni na kunigeuzia skrini nione. Kulikuwa na kanda mbili nyeupe zinazofunguka na kufunga, na katikati ya kila moja kinundu kidogo, vikiwa vimekabiliana. Kila kanda zilipojaribu kufunga, vile vinundu vilikutana kwanza na hewa ikavuja pembeni. Ndiyo ile sauti yangu ya kukwaruza, naiona kwa macho.

"Umewahi kulima?" daktari akaniuliza.

"Ndiyo, daktari."

"Sugu za mkononi zilitokea siku ngapi baada ya kulima?"

Nikamwambia zilitokea polepole, kwa jembe lile lile, mahali pale pale. Akasema hivi navyo ni hivyo hivyo. Hakunipasua. Alisema vinundu vya aina hii mara nyingi hulainika vyenyewe mtu akiacha kuvisugua, ila itabidi nijifunze upya kutumia sauti, na haitakuwa kazi ya wiki moja. Ilinichukua miezi saba kurudi kwenye mstari wa sauti ya kwanza. Leo nafundisha kwaya ya vijana, na kila nikisikia binti anakwaruza mwezi wa tatu, moyo wangu unaruka.

Nataka mnielewe jambo moja: sauti yangu haikuharibika kwenye ile Aleluya. Iliharibika Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, kila nilipoambiwa na koo langu nipumzike nikatafuta cha kulinyamazisha.

Hizi nyuzi za sauti, ndizo zile kanda mbili nilizoziona kwenye skrini, ni ndogo sana. Kwa mwanamke mzima hazifiki sentimita mbili. Ukiimba ile noti ya A ambayo wapiga vyombo huitumia kusawazisha ala zao, zinagongana mara 440 kwa sekunde. Dakika mbili za noti hiyo ni migongano zaidi ya 50,000. Zikiwa nzima, zina unyevu na zinakutana kwa ulaini, zinaimudu kazi hiyo. Zikivimba, ni kama kupiga makofi kwa viganja vilivyoungua.

Sasa turudi kwenye zile karafuu. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi, ndiyo maana yametumika kwa maumivu ya meno tangu zamani. Ganzi haiponyi uvimbe, inakuondolea tu habari kwamba uvimbe upo. Pipi kali za mentholi nazo ni hivyo hivyo. Ukishazitumia uimbe, unakimbia na mguu ulioteguka usioumwa. Yai bichi liache kabisa, linaweza kukupa maradhi ya tumbo na kooni halifanyi lolote. Tangawizi na asali nakunywa hadi leo, zinatuliza koo na zinaleta joto zuri, lakini zisikudanganye kwamba zimefika kwenye nyuzi. Chochote unachomeza kinapita nyuma yake kuelekea tumboni. Tone moja likikosea njia likazigusa, unapaliwa. Maji yanazisaidia kwa kupitia mwilini, taratibu, kwa saa kadhaa, kwa hiyo chupa unayoigugumia dakika tano kabla ya kuingia imechelewa. Kunywa tangu jana.

Kinachozigusa moja kwa moja ni mvuke. Maji ya moto kwenye bakuli mezani, kanga au taulo kichwani, vuta pumzi kwa dakika kama kumi. Usiweke majani wala dawa ya kuchua. Watoto wasifanye bila mtu mzima, maana bakuli likipinduka ni balaa jingine.

Na kunong'ona si kupumzisha sauti. Hili nalisema kila mwaka na kila mwaka namkuta binti nje ya ukumbi ananong'ona simu nusu saa "ili kutunza sauti". Kunong'ona kwa nguvu kunabana koo lote. Ukiambiwa nyamaza, nyamaza kweli, andika kwenye simu. Ukilazimika kusema, sema kwa sauti yako ya chini ya kawaida, maneno machache. Na ule mtindo wa kujikohoza kila dakika kusafisha koo, jaribu kumeza mate badala yake. Kila ukijikohoza unazibamiza nyuzi, zinatoa ute zaidi, na unataka kujikohoza tena.

Kuna mahali ambapo nimeona sauti nyingi zikifia kuliko kanisani: ndani ya Coaster. Kwaya imealikwa Dodoma. Tunaondoka saa kumi alfajiri, na kabla ya kufika Dumila watu wameshaanza kuimba. Injini inanguruma, madirisha yako wazi, mtu wa kiti cha nyuma anamtania wa mbele, kila mmoja anapandisha. Saa nne tunashuka pale sauti ya kwanza nzima imekauka, na hatujaimba wimbo hata mmoja wa ratiba. Siyo utundu wa vijana. Mwili wenyewe, ukizungukwa na kelele, hupandisha sauti bila kukuomba ruhusa. Mfaransa mmoja, Étienne Lombard, aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1911. Kwa hiyo usiseme "nitaongea polepole kwenye basi", hutaweza. Kwaya yangu ina sheria: kwenda ni kimya au kulala, kurudi imbeni mnavyotaka, ila aliyekwaruza hata kurudi anyamaze. Mwaka wa kwanza walininunia. Sasa wanakumbushana wenyewe.

Jambo hilo hilo hutokea jukwaani. Spika zimegeuzwa kwa watu, kinanda kiko juu, muimbaji hajisikii, basi anasukuma. Walimu wenzangu, kabla ya kumwambia kijana aongeze sauti, mwambieni mpiga kinanda apunguze, na kama ipo spika ndogo ya kugeuzwa kwa waimbaji, igeuzeni. Na tuache kuanzisha nyimbo kwa kukisia. Wimbo umeandikwa Doh ni F, yaani uanzie kwenye noti F, siku hiyo umeme hakuna, mtu mwenye furaha zake anatoa sauti, na tayari tuko A, juu zaidi. Sauti ya nne, wale wanaume wa sauti nzito, wanafurahi, mabinti wanachanika. Simu zina programu ya kinanda. Bonyeza noti, toa sauti, basi.

Mazoezi ninayoyaamini kuliko yote yanahitaji mrija na chupa ya maji ya nusu lita. Punguza maji yabaki nusu. Chovya mrija, ncha yake izame sentimita mbili au tatu. Funga midomo kuuzunguka, kisha toa "uuu" kupitia mrija, kwa sauti kweli, siyo kupuliza tu. Mapovu yatapanda. Anzia chini, panda polepole hadi juu, shuka, kama king'ora cha gari la wagonjwa kwa mbali. Angalia mapovu: yakitoka kwa mfululizo uko sawa, yakikatika au yakirukia usoni unasukuma mno. Mrija unarudisha shinikizo kidogo la hewa nyuma, na shinikizo hilo linazisaidia nyuzi zikutane bila kubamizana. Dakika tano kabla ya mazoezi, mbili baada ya misa. Usipokuwa na mrija, tetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari la mabati. Nilirudishiwa sauti yangu kwa mrija wa soda, siwezi kuusifia vya kutosha.

Mengine kwa haraka. Usile chipsi saa nne usiku ukalala saa nne na nusu, tindikali ya tumbo hupanda hadi kooni hata bila kiungulia, na unaamka umekwaruza. Moshi wa mkaa ni moshi, pikia nje ukiweza. Sigara usianze. Najua mtanitajia Bi Kidude, aliyevuta na akaimba hadi uzeeni. Alikuwa Bi Kidude. Wewe hujui koo lako ni la aina gani mpaka liwe limeshaharibika.

Mtu akikwaruza siku ya mazoezi aje, akae, afuatishe noti kwa macho, au aimbe nusu sauti noti za chini tu. Mwalimu asimwone mvivu. Hata Adele, yule mwimbaji Mwingereza, mwaka 2011 alisimamisha ziara yake na kufanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti Boston. Kama yeye na tiketi zilizokwisha kuuzwa alisimama, kwaya yetu inaweza kumpumzisha binti mmoja Jumapili moja.

Hospitali uende lini? Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, acha hapo hapo, nyamaza, nenda, kwa sababu inaweza kuwa mshipa umepasuka kwenye nyuzi. Ukikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ukitema damu au ukipumua kwa shida, usingoje hata siku moja. Sauti iliyokauka baada ya mafua kwa kawaida ni virusi, antibiotiki haisaidii. Lakini mtoto mwenye homa na koo linalouma kumeza, bila kikohozi, apimwe, maana bakteria wa koo wasipotibiwa wanaweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo. Hapo dawa ikiandikwa, imalizwe yote.

Nina mvulana wa miaka 13 kwenye kwaya. Mwaka jana alikuwa sauti ya kwanza safi kabisa, mama yake anamrekodi kila Jumapili. Mwezi wa pili sauti ikaanza kumkatikia, na akawa anabana shingo mpaka mishipa inasimama ili abaki pale juu. Koromeo linakua, nyuzi zinarefuka, hakuna alichokosea. Wakubwa wa sauti ya nne walitaka kumchukua, nikakataa, na huko chini asilazimishwe. Sasa anaimba noti sita hivi za katikati, zile tu zinazotoka bila kubana, na tukifika penye noti nyingine anafunga mdomo na kunifunulia kurasa. Kila mwezi tunakaa na kinanda dakika kumi kuona noti gani imeongezeka. Jumamosi iliyopita iliongezeka moja, ya chini.