Shamba la baba au mkopo: je, shahada ya uhandisi italipa?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, nina umri wa miaka 25 na ninaishi kwa wazazi wangu hapa Majengo, Moshi. Nilipata stashahada yangu Chuo cha Ufundi Arusha, na sasa ninasimamia kazi za barabara na makalavati kwa mkandarasi mmoja kwa mshahara wa shilingi 650,000 kabla ya makato. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uhandisi ujenzi Dar es Salaam kwa miaka minne, ambapo ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Baba yuko tayari kuuza shamba la porini, yaani la huku tambarare, ekari moja na nusu, ili nisiingie kwenye deni la mkopo. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba saiti kwetu wapo wahitimu wawili wa shahada, na kila mmoja analipwa 700,000. Je, fedha hizi zitarudi?

JIBU: Marahaba, binti. Umeniuliza juu ya ada, lakini katika hesabu yako ada ndiyo fungu dogo kuliko yote. Mshahara wako wa 650,000, ukiondoa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mshahara, unakuachia kama 552,000 mkononi. Kwa miezi 48 hizo ni takriban 26,500,000 ambazo hutazipokea kwa sababu utakuwa darasani. Wala usitegemee kufidia pengo hilo wakati wa likizo ndefu, kwa kuwa sehemu kubwa ya likizo za wanafunzi wa uhandisi huchukuliwa na mafunzo kwa vitendo. Ongeza 6,000,000 za ada, kisha 8,000,000 za chumba, nauli na vifaa kwa miaka yote minne, na jumla inafika 40,500,000. Chakula sikukihesabu, kwa maana hata Moshi unakula, ingawa nadhani kwa mama hulipi.

Tuseme sasa umehitimu na ukaajiriwa kwa 1,100,000. Kwenye karatasi umeongezewa 450,000, lakini kodi hupanda kadiri mshahara unavyopanda, hivyo kinachoongezeka mkononi ni kama 312,000 tu. Gawanya 40,500,000 kwa kiasi hicho, nawe utaona kwamba itakuchukua karibu miaka kumi na moja baada ya kuhitimu kurudisha ulichotoa, yaani utakuwa umefikisha miaka 40. Ukilipwa 700,000 kama wenzako hao wawili, nyongeza yako haitafika hata 40,000 kwa mwezi, na fedha hizo hutazirudisha maishani mwako.

Ningekuwa wewe, kabla ya kukata tamaa ningewauliza hao wawili swali moja: wamesajiliwa katika ngazi gani na Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Mtu aliyetoka chuoni husajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, na mwajiri anayemlipa anajua kwamba bado anahitaji mtu wa juu yake wa kuwajibika kwa kazi. Bei hubadilika pale anapokuwa mhandisi mtaalamu, mwenye mamlaka ya kuidhinisha michoro na kusimamia mradi kwa jina lake, na ambaye kampuni ya ukandarasi inayotaka kupanda madaraja, kutoka la saba kuelekea la kwanza, inamhitaji ili ikubaliwe na bodi ya makandarasi. Kufika huko kunahitaji uzoefu unaosimamiwa. Mpango wa bodi wa kuwanoa wahitimu peke yake ni wa miaka mitatu. Kwa hiyo unachonunua ni safari ya miaka saba, na atakayeishia mwaka wa nne na cheti chake amelipa karibu gharama yote akaacha sehemu yenye faida. Kama huna nia ya kuimaliza, baki na stashahada yako, maana fundi sanifu mzuri wa barabara hakosi kazi katika kanda hii.

Kuhusu shamba, mwambie mzee asiuze. Najua hofu yake, kwa kuwa mikopo ya wanafunzi ilipata sifa mbaya wakati ilipokuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, lakini tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Siku hizi unarudisha ulichokopa, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 1,100,000 hayo ni 165,000 kwa mwezi, na deni la 14,000,000, yaani ada pamoja na chumba, nauli na vifaa, litakwisha kwa takriban miaka saba. Sikufichi kwamba nyongeza yako ya 312,000 itabaki 147,000 kwa kipindi chote hicho, na utaona kama umesomea bure. Hata hivyo, deni lisilozaa riba ni nafuu kuliko ardhi ya tambarare inayoendelea kugeuka viwanja, ambayo ukiiuza leo hutaweza kuinunua tena kwa bei hiyo hiyo.

Jambo jingine ni Dar es Salaam yenyewe. Chuo ulichotoka, hapo Arusha, kinatoa pia shahada ya uhandisi wa ujenzi na umwagiliaji, na kilomita 80 kutoka nyumbani zinapunguza nauli na zinakuacha karibu na watu wanaoijua kazi yako. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, kaa na mkandarasi wako umuulize kama atakupokea kila likizo kwa mafunzo kwa vitendo na kukulipa posho, na kama kwenye ofisi yake yupo mhandisi mtaalamu aliye tayari kukusimamia utakapohitimu. Akikubali yote mawili, nenda kasome.