Kiinua mgongo usikitoe chote
Pole sana, dada yangu. Umeachishwa kazi, kodi ya nyumba inadaiwa, halafu unaambiwa utoe kiinua mgongo chote sadaka ndipo Mungu afungue njia. Usikitoe. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa chini ya mti wa mretemu, Mungu hakumdai kitu: alimwacha alale, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, ndipo safari ikaendelea (1 Wafalme 19). Ongea na mwenye nyumba mapema, hata ulipe nusu. Kama umeachishwa kwa kuonewa, peleka shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi Tanzania) ndani ya siku 30, usisubiri ishara. Sali, kisha toka uende. Na huko kukosa usingizi na kutamani kufa ulikokutaja, mwone daktari leo, usikae peke yako.