Kutoka ngazi ya 4 kwenda Xcel Dhahabu: kabla ya kulia na alama, uliza jaji alianza kuhesabu wapi

Mama mwenzangu, umeuliza mambo mawili. Kocha wa jimnastiki anataka kumtoa binti yako wa miaka 10 ngazi ya 4 ampeleke Xcel Dhahabu: je, huko ni kushushwa? Na je, alama zake zitapanda? Mimi yalinikuta misimu miwili iliyopita, hapahapa Marekani, binti yangu akiwa na umri huohuo, na makosa karibu yote niliyafanya. Jibu ni refu, vuta kiti.

La kwanza nalipita haraka. Si kushushwa. Zote mbili ni programu za USA Gymnastics, shirikisho la jimnastiki la Marekani. Moja ni ile ya ngazi ya 1 hadi 10, ambayo wazazi wa zamani bado wanaiita Junior Olympic. Nyingine ni Xcel, yenye madaraja ya Shaba, Fedha, Dhahabu, Platinamu, Almasi na Yakuti. (Majina yenyewe yana vituko. Binti yangu alimpigia bibi yake simu akamwambia, "Bibi, mimi sasa ni Dhahabu." Bibi akapiga vigelegele, akajua mjukuu kashinda medali. Hatukumsahihisha.) Utasikia wazazi wakinong'ona kwenye viti kwamba Xcel ni ya walioshindwa. Wengi wao hawajawahi kusoma masharti yake. Sisi saa za mazoezi zilipungua kutoka 12 kwa wiki hadi 7, na mtoto akaanza tena kulala kama mtoto.

La pili ndilo lenye nyama.

Ngazi ya 1 hadi ya 5 ni za lazima, maana yake kila mtoto nchi nzima anafanya zoezi lilelile kwa muziki uleule. Muziki wa zulia (zoezi la sakafuni) wa ngazi ya 4 nimeusikia mpaka ninauota. Jaji naye ameuona mfululizo huo mara hamsini tangu asubuhi, anajua mkono unapaswa kuwa wapi na macho yaangalie wapi. Mtoto akiacha kufanya kipengele kikubwa, anakatwa mara mbili ya thamani ya kipengele hicho. Hapo ndipo binti yangu alipokwama: kipu kwenye baa. Unateleza chini ya baa, unaleta vifundo vya miguu mpaka viguse chuma, kisha unajivuta mpaka kiuno kitue juu. Yeye alikuwa anafika nusu, viwiko vinakunja, anarudi chini. Mashindano baada ya mashindano. Kwenye zulia anapata 9 na kitu, kwenye baa anashuka hadi 7, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna anayeongea garini.

Xcel Dhahabu haimlazimishi mtu kipu. Kocha anatunga zoezi kulingana na mtoto, muziki mnachagua wenyewe, na zoezi linaanzia 10.0 likiwa limetimiza masharti yake. Sasa nisikilize hapa, maana ndipo nilipoangukia. Ukiacha meza ya kurukia, kila kifaa, yaani baa, boriti (ule ubao mwembamba) na zulia, kina masharti maalumu manne, na kila sharti ni nusu alama. Likikosekana moja, jaji haanzi kuhesabu kwenye 10.0 bali kwenye 9.5. Yakikosekana mawili, anaanzia 9.0. Yote hayo kabla hajagusa goti lililokunjwa wala unyayo uliolegea.

Mashindano yetu ya kwanza ya Xcel, zulia: 8.70. Msimu uliotangulia, katika ngazi ya 4, zulia ndilo lilikuwa kimbilio lake, akipata 9.15, wakati mwingine 9.20. Nilikasirika. Nilimwandikia kocha ujumbe usiku uleule (usifanye hivyo) nikimuuliza inakuwaje mtoto ahamie mahali panaposemekana ni rahisi halafu alama ishuke. Kocha hakubishana, alinijibu kwa maneno mawili: "Angalia mzunguko."

Nikafungua video niliyorekodi kwa simu. Moja ya masharti ya zulia kwa Dhahabu ni mzunguko kamili kwa mguu mmoja, digrii 360. Binti yangu anapanda kwenye ncha ya mguu, mikono juu, anazunguka vizuri, kisha kisigino kinagusa chini kabla kifua hakijarudi kilikotoka. Robo nzima ya mzunguko kaimalizia kisigino kikiwa kimeshashuka, kama mtu anayegeuka kuitika jina lake. Ukiwa kwenye kiti cha mzazi huoni kitu. Jaji ameona, na sharti halikuhesabiwa. Piga hesabu: akaanzia 9.5, akakatwa 0.80 kwa makosa ya utekelezaji, ikabaki 8.70. Yaani usafi wake ulikuwa uleule wa ngazi ya 4, tena umezidi kidogo. Kilichompotezea alama ni kisigino kimoja.

Kwa hiyo swali la kama zitapanda au zitashuka halijibiki hivyo. Ngazi ya 4 inapima jinsi mtoto anavyonakili zoezi lililokwisha andikwa. Xcel inapima kwanza kama zoezi limekamilika, kisha usafi. Baa ya binti yangu ilipanda siku ya kwanza kwa nusu alama hivi, zulia likashuka, jumla ikabaki karibu palepale, na kama ningeangalia jumla peke yake ningesema hakuna kilichobadilika.

Jambo jingine ambalo watoto wanachelewa kulielewa: ugumu wa ziada haulipi. Binti yangu alijivunia kupinduka kinyumenyume kwenye boriti, mguu mmoja ukifuata mwingine, na kocha akakiondoa akaweka kupinduka kando kwa mikono, ambako hatetereki. Mtoto alilia, akaona kama amepokonywa. Lakini kwenye vitabu vya majaji vyote viwili ni kipengele cha kundi A, thamani moja. Kimoja anakifanya akiwa ametulia, kingine anaanguka mara moja katika tatu, na kuanguka ni 0.5. Tena Xcel ina ukomo kwa juu: ukifanya kipengele kilicho juu ya daraja lako unakatwa. Kwa hiyo usimsukume kocha aongeze madoido.

Na hili nalisema kwa sababu watoto wanaangalia televisheni: alama za Olimpiki ni mfumo mwingine kabisa. Ile 10 aliyoipata Nadia Comăneci pale Montreal mwaka 1976 haipo tena huko. Tangu mwaka 2006 shirikisho la kimataifa linatoa alama ya ugumu isiyo na kikomo, linajumlisha na alama ya utekelezaji inayohesabiwa kutoka 10, na siku hizi kuanguka huko ni alama nzima badala ya nusu. Ndiyo maana Simone Biles alishinda Paris mwaka 2024 kwa jumla ya 59.131 katika vifaa vinne, ambapo mtoto wako hata akiwa malaika hawezi kuvuka 40. Binti yangu aliniuliza kwa huzuni kwa nini yeye anapata 35 tu. Nilifurahi kwamba safari hiyo nilikuwa na jibu.

Ukikubali uhamisho, mwombe kocha akuandikie zoezi la kila kifaa na pembeni aonyeshe ni mruko upi au mzunguko upi unaotimiza sharti lipi. Yangu inakaa kwenye simu. Alama ikitoka ya ajabu, nafungua video na karatasi, na mara nyingi nakuta kasoro kabla ya kuuliza. Kwa majaji usiende, mzazi haruhusiwi. Kocha ndiye anayeweza kuulizia alama. Na msimu wa kwanza upe mashindano matatu kabla hujasema lolote, kwa kuwa zoezi lililotungwa upya hubadilishwa njiani. La kwetu la boriti lilibadilishwa mara mbili kabla ya mashindano ya jimbo.

Kuhusu kurudi kwenye ngazi, njia haijafungwa, ila kuna masharti ya kuvukia na kocha ndiye mwenye kuyajua ya msimu husika. Kwetu lilijitokeza lenyewe: kipu kilikuja mwaka huu, siku ya kawaida ya mazoezi, wakati hakuna aliyekuwa akikidai. Kocha akamuuliza kama angependa kujaribu ngazi ya 5. Akauliza kama ataendelea na muziki wake. Akaambiwa hapana, ngazi ya 5 bado ni muziki wa wote. Akasema basi asante, akarudi kwenye baa kupiga kipu kingine.