Betri za kifaa cha kusikia ziache kwenye pakiti yake

Mama yangu anavaa kifaa cha kusikia kila sikio, na betri zake ni namba 312, zile zenye kibandiko cha kahawia. Betri moja ina upana wa milimita 7.9, ndogo kuliko kifungo cha shati. Ikidumu siku kumi tunashukuru. Kwa masikio mawili, pakiti inafunguliwa mara nyingi kila mwezi, na vidole vya Mama vina baridi yabisi.

Zamani betri hizo zilikuja kwenye kisahani cha kuzungusha: unazungusha kidogo, betri inatoka. Kisha zikaanza kuja kwenye pakiti ngumu ya kuzuia watoto. Kila betri imefungiwa kwenye kishimo chake cha plastiki, nyuma kuna karatasi isiyochanika kwa kucha, na bila mkasi huitoi. Siku ya kwanza Mama alihangaika nayo mpaka akaiweka mezani. "Mwanangu, hizi nifungulie zote, mimi siziwezi." Nikachukua mkasi, nikakata zote sita, nikazitia kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka ambacho kifuniko chake kinafunguka kwa kidole gumba. Mama akafurahi, nami nikaona nimemsaidia.

Wiki hiyohiyo nilimkuta mwanangu, wakati huo hajatimiza miaka miwili, amekaa sakafuni kando ya kitanda cha bibi yake. Kikopo kiko katikati ya miguu yake, betri amezipanga mstari. Nikahesabu nne. Mama hakukumbuka kama alishatumia yoyote. Tukapekua zulia, tukapekua nguo, nikamtia mtoto kidole mdomoni, kisha tukakimbilia hospitali akapigwa eksirei. Hakuwa amemeza kitu. Tuliporudi nilifungua vifaa vya Mama, nikakuta vyote viwili vina betri mpya. Alikuwa amezibadilisha asubuhi.

Usiku ule niliitazama pakiti tupu niliyoikata, nikaiona kwa jicho jingine. Inamzuia mtoto, ndiyo, lakini pia inakuhesabia. Ukiitupia jicho tu unajua ni vishimo vingapi vimekatwa na vingapi bado vimefungwa. Kikopo hakikwambii lolote.

Hatari yenyewe wengi hawaielewi vizuri, wanadhani ni betri kuvuja. Betri ikinasa mahali penye unyevu mwilini, umeme hupita kwenye nyama laini, na kwenye upande wa hasi hutengenezeka alkali kali inayochoma. Betri za lithiamu za volti 3, zenye upana wa milimita 20, zikinasa kwenye umio zinaweza kuleta jeraha baya ndani ya saa mbili tu. Za kifaa cha kusikia ni za zinki na hewa, yaani hewa ikiingia ndipo zinapoanza kufanya kazi; zina volti 1.4 hivi, ndogo, na nyingi zikimezwa hupita zikatoka. Hilo linatuliza, lakini lisikulaze. Mtoto huzitia pia puani na sikioni, na huko hazina pa kupita. Na betri iliyoisha bado si salama: isiyotosha kuendesha kifaa inaweza kuwa na nguvu ya kuchoma.

Marekani ilipitisha Sheria ya Reese mwaka 2022, iliyopewa jina la mtoto wa miezi 18 aliyefariki baada ya kumeza betri ya kitufe, yaani betri ndogo ya duara, na sheria hiyo inadai betri za aina hii ziuzwe kwenye vifungashio vigumu kwa watoto. Namna vifungashio hivyo vinavyopimwa ni jambo ambalo kila mlezi angepaswa kulijua. Watoto wa miezi 42 hadi 51 hupewa pakiti kwa dakika tano. Wakishindwa, huonyeshwa jinsi inavyofunguliwa, kisha hupewa dakika tano nyingine. Pakiti hufaulu ikiwa angalau asilimia 80 wameshindwa mpaka mwisho. Kwa hiyo wapo watakaofungua, na pakiti iliyoachwa chini ya mto haijahifadhiwa. Upande wa wakubwa, hupimwa watu wa miaka 50 hadi 70, na asilimia 90 lazima waweze. Mama yangu ana miaka 78. Nasema hivi kwa wale wanaowakaripia wazee kwamba hawataki kujaribu: vipimo vyenyewe havikufika kwenye umri wao.

Sisi tunafanya hivi. Pakiti na mkasi vinakaa pamoja, juu, ndani ya kabati linalofungwa. Tunakata kishimo kimoja tu, wakati ule ule wa kubadilisha, mezani, mtoto akiwa chumba kingine. Betri ya zamani inatoka kwanza na kuingia kwenye chupa ya kifuniko cha kusokota kabla ya kugusa mpya. Kibandiko hatukibandui mapema. Kikishatoka tunaiacha betri ipate hewa dakika moja au mbili, na hapo ndipo inapoweza kusahaulika, kwa hiyo Mama anaishika mkononi. Usiziweke kamwe karibu na vidonge. Wazee wamewahi kumeza betri wakidhani ni dawa.

Kama anayevaa kifaa ni mtoto mwenyewe, mwombe mtaalamu akuwekee mlango wa betri unaofungwa kwa kifaa maalumu. Kama mkono wa mzee umeshindwa kabisa, uliza kuhusu vifaa vya kuchaji, ambavyo betri yake haitolewi kila wiki.

Ukishuku mtoto amemeza, usingoje akohoe wala atokwe udenda. Nenda akapigwe eksirei, beba pakiti ili waone namba, usimtapishe. Ikiwa ni puani au sikioni, usidondoshee dawa wala maji, kwani unyevu huzidisha kuungua.

Pakiti tuliyonayo sasa ina vishimo vinne vilivyofungwa. Mama ameandika kwa kalamu, pembeni ya kila kilichokatwa, tarehe aliyokikata.