ELSD ikisema 99%, usishangilie haraka

Ndugu, umeuliza kwa nini sampuli ileile ya maktaba yenu ya kampaundi (mkusanyiko wa kemikali za kufanyiwa majaribio) inasoma usafi wa 91% kwenye kigunduzi cha UV (kinachopima mwanga wa urujuanimno unaofyonzwa, hapa wa nanomita 214) na 99% kwenye ELSD (kigunduzi kinachokausha kiyeyushi na kupima mwanga unaotawanywa na chembe), na uamini ipi.

Mimi ningeanza kuishuku ELSD. Kinachotoka kwenye kolamu ya kromatografia (bomba linalotenganisha vitu vilivyomo kwenye sampuli) hupulizwa na naitrojeni kikawa ukungu, kiyeyushi kinakauka ndani ya bomba lenye joto, na chembe zinazobaki ndizo hutawanya mwanga. Haijali kama molekuli inafyonza UV, na ndiyo maana watu wanaipenda. Tatizo ni kwamba mwitikio wake haufuati mstari mnyoofu. Kiasi kikipungua, ishara hushuka kwa kasi kuliko kiasi chenyewe. Tuseme ishara hufuata kiasi kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5: uchafu wa 5% kwa uzito utasomeka kama 1.2% tu. Ukiwa mdogo zaidi hauonekani kabisa! Halafu uchafu unaovukiza kwa urahisi huondoka pamoja na kiyeyushi, kwa hiyo hutauona kamwe.

UV nayo si malaika. Uchafu wenye pete nyingi za aromati hufyonza UV sana na unaweza kuonekana mwingi kuliko ulivyo. Andika namba zote mbili, tumia MS (kipimo cha masi ya molekuli) kuthibitisha utambulisho, na zile kampaundi chache mtakazoziendeleza zipimeni kwa NMR ya kiasi (kipimo cha sumaku kinachoonyesha kiasi halisi cha kampaundi).

Kwenye kiyeyushi kinachoingia ELSD, bafa ya fosfeti (chumvi ya kudhibiti pH) usiiguse, haivukizi, inabaki kama chembe. Asidi fomiki, inayovukiza, inatosha.