Besi ya mtumba, nyuzi ziko juu na inavuma: anza na shingo, pikapu iache kwanza

Mkuu mleta uzi, nimesoma maelezo yako yote. Una besi ya nyuzi nne ya mtumba, umbo la Precision (modeli ya besi ya Fender). Nyuzi ziko juu mpaka vidole vinauma, noti za kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) zinapanda tyuni, uzi wa E, ule mnene kuliko zote, unakwaruza kwenye freti za mwanzo, ukichomeka kwenye ampli inavuma, na kwaya yako inataka noti za chini zaidi ya E. Wachangiaji waliotangulia wamekushauri ununue pikapu mpya, yaani kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi. Mimi nakuomba hiyo pesa uitunze kwanza, maana katika yote uliyoyataja hakuna hata moja ambalo pikapu mpya italiponya.

Napiga besi kanisani na kwenye bendi ya dansi hapa Dar, na gita zangu pamoja na za wenzangu nazitengeneza mwenyewe mezani nyumbani. Dalili zako tatu za kwanza nazifahamu vizuri kwa sababu huwa zinatembea pamoja. Nyuzi kuwa juu na wakati huohuo kukwaruza kwenye freti za 1 mpaka 5 ni jambo linalomchanganya mtu, kwani anategemea uzi ulio juu usiguse chochote. Kinachotokea mara nyingi ni hivi: shingo imekazwa kupita kiasi ikapinda kwenda nyuma, nyuzi zikaanza kugonga freti za mwanzo, na aliyekuwa nayo badala ya kulegeza shingo akapandisha vile vidaraja vidogo vya kwenye briji (chuma cha mwilini kinachoshikilia nyuzi) ili kuukimbia mkwaruzo. Sasa huku juu uzi uko mbali sana na freti, ukiubonyeza unaunyoosha, na uzi ulionyooshwa lazima noti ipande. Ugonjwa ni mmoja, dalili tatu.

Kabla ya kugusa shingo, amua kwanza utafunga nyuzi gani, kwa sababu kila kipimo kinachofuata kinategemea uzito wake. Seti iliyozoeleka ni 45-65-85-105, namba hizo zikiwa unene kwa elfu za inchi, na ikiwa kwenye tyuni inavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Ukifunga seti nyembamba ya 40-60-80-100, mvuto unapungua na shingo inarudi nyuma kidogo. Ndiyo maana mtu akiseti besi kwa nyuzi chakavu kisha akaja kufunga saizi nyingine, kazi inaanza upya.

Hapa ndipo suala la noti za chini linapoingia, usiliache mwisho. Njia nyepesi ni kuishusha E mpaka D kwa nyimbo zinazohitaji. Njia ya pili ni kununua seti ya nyuzi tano (45-65-85-105-130), ule mwembamba wa G ukauweka pembeni, ukafunga nne zilizobaki kwa tyuni ya B, E, A, D. Inafanya kazi vizuri, ila uzi wa 130 hautaingia kwenye kijito cha E (mkato wa uzi kwenye kile kipande cheupe cha kichwani) bila kukipanua, na mashine ya kukazia lazima iwe na mpasuko unaoupokea. Pia B hiyo ni hezi 30.9 wakati E ni 41.2, ampli ndogo ya mazoezi haitaitoa, utasikia tu noti za juu zake. Kwa kwaya ningeanza na D. Kwa anayepiga sebene, kuikosa G ya juu ni hasara kubwa, asifanye.

Kama seti mpya haipatikani kwa sasa au bei imekushinda, nyuzi chakavu zichemshe kwenye maji kama dakika 10, zifute, uzianike zikauke kabisa ndipo uzifunge. Mng'ao wa sauti unarudi kwa muda. Lakini uzi wenye vidonda vya freti upande wa chini, ukipitisha ukucha unavisikia, hauwezi kukaa kwenye tyuni hata uufanyeje. Huo utupe.

Sasa shingo. Azima fila gegi kwa fundi wa pikipiki au gari, zile bapa nyembamba anazopimia uwazi wa valvu. Funga nyuzi, weka kwenye tyuni kamili, ishike besi kama unavyoipiga (ukiilaza mezani kipimo kinadanganya). Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa kapo (kibanio cha nyuzi) au kwa mtu wa kukusaidia, kisha bonyeza uzi huohuo pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka. Angalia freti ya 7 au ya 8: kati ya chini ya uzi na juu ya freti panatakiwa uwazi wa kama milimita 0.30. Bapa la 0.30 liingie likiugusa uzi bila kuuinua. Ukiingiza na uzi ukapanda, shingo imenyooka mno. Kama uzi umelala kabisa juu ya freti na hata bapa la 0.05 halipiti, shingo imepinda nyuma, na kwa dalili zako natarajia utakuta hivyo.

Kinachorekebisha ni chuma kilicho ndani ya shingo, mafundi wanaita trasrodi. Nati yake iko kichwani, na kwenye nyingine iko mwisho wa shingo upande wa mwili, ambapo inabidi ulegeze shingo kuifikia. Kukaza kunairudisha shingo nyuma, kulegeza kunaiachia isogee mbele. Wewe utalegeza. Zungusha robo mzunguko tu, rudisha tyuni, pima. Bado? Robo nyingine. Kisha iache besi usiku mzima, pima tena asubuhi, kwa sababu mbao haimalizi kutembea papo hapo. Spana ya L iwe saizi kamili na iingie mpaka mwisho. Ya milimita na ya inchi zinakaribiana lakini inayocheza inatafuna tundu, na tundu la trasrodi likishaliwa umeingia gharama ya kweli. Nati ikigoma kuzunguka, acha. Usiongeze bomba kwenye spana.

Shingo ikikaa sawa ndipo ushushe nyuzi, na usigeuze mpangilio huu. Pima kwenye freti ya 17, uzi ukiwa wazi: milimita 2.4 upande wa E na 2.0 upande wa G ni mahali pazuri pa kuanzia, ndivyo Fender wanavyoelekeza kwa besi zao nyingi za kisasa. Mimi napiga kwa nguvu, na kwenye dansi mtu hupiga saa nyingi mkono ukiwa umechemka, kwa hiyo E yangu naiacha karibu na 2.8. Mpigaji wa mkono mwepesi anaweza kushuka zaidi. Rula ya chuma yenye nusu milimita inatosha.

Ikitokea vidaraja vimefika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, tatizo ni pembe ya shingo. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne za nyuma, weka kipande chembamba cha mbao ngumu ndani ya kitako cha shingo, kule mwisho upande wa briji. Kipande cha nusu milimita pale kinavipa vidaraja nafasi ya kama milimita 2. Kizuri zaidi ni kipande kilichopigwa msasa kikawa kama kabari inayojaza kitako chote, shingo isikae juu ya pengo.

Kama baada ya yote hayo kuna freti moja tu inayokwaruza, chukua kadi ya benki, simamisha ukingo wake juu ya freti tatu zinazofuatana. Ikichezacheza kama meza yenye mguu mfupi, freti ya katikati imenyanyuka. Mara nyingi ncha yake imetoka kwenye mfereji: igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki juu ya kipande cha mbao, na ikigoma kukaa, tone la gundi ya supaglu huku umeibana. Kupiga tupa freti ndiyo hatua ya mwisho kabisa, na kwa mara ya kwanza ningekushauri ukae na fundi anayejua.

Kile kipande cheupe kichwani chenye vijito vinne, mimi nakiita kizingiti, wengi wanakisahau. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, angalia juu ya freti ya 1. Panatakiwa mwanga mwembamba sana, uzi ukigongwa kwa kidole utoe mlio mdogo wa "tik". Pengo kubwa maana yake noti za freti za mwanzo zitapanda tyuni hata ufanye nini kwenye briji, na huko ndiko besi ya kwaya inakofanyia kazi zaidi. Kijito unakichimba kwa kuzungushia msasa laini kwenye uzi chakavu mwembamba kidogo kuliko ule utakaokaa humo, ukiinamisha kuelekea upande wa mashine ili uzi uondokee kwenye ukingo wa mbele. Chimba kidogo, rudisha uzi, pima. Ukizidisha, uzi wazi utakwaruza na utahitaji kizingiti kipya. Mfupa wa paja la ng'ombe, uliosafishwa mafuta na kukaushwa vizuri, unatoa kizingiti kigumu na cha kudumu. Natumia huo na sijawahi kutamani plastiki tena.

Tyuni ya freti ya 12 sasa. Sehemu kubwa ya tatizo itakuwa imeisha yenyewe kwa nyuzi kushuka. Iliyobaki: piga ile noti ya kugusa tu juu ya freti ya 12, kisha ibonyeze, linganisha kwenye tyuna. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kidaraja nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu. Ukitaka pa kuanzia, besi hii ina urefu wa inchi 34, yaani milimita 863.6, kwa hiyo kutoka kizingiti hadi freti ya 12 ni 431.8, na kidaraja cha G kikae karibu na umbali huohuo kutoka freti ya 12. Vinavyofuata virudi nyuma kidogo kidogo, E ikiwa ya nyuma kuliko zote. Tyuna ya simu kupitia maiki hushindwa kuisikia E ya chini vizuri, tumia ya kuchomeka waya.

Mvumo ni kesi nyingine, na ndipo ninapopinga zaidi ushauri wa pikapu mpya. Tangu 1957 pikapu ya Precision imegawanywa vipande viwili vilivyosukwa na kuwekewa sumaku kinyume, makusudi ili mvumo wa umeme unaoingia kwenye kipande kimoja ufutwe na wa kingine. Precision iliyo nzima haitakiwi kuvuma. Ikivuma, angalia nyaya. Shika nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua sana, waya wa athi unaokwenda kwenye briji uko mzima, kinachokosekana ni kinga ndani ya mwili: bandika karatasi ya shaba yenye gundi kwenye shimo la vidhibiti, unganisha pande zote, lehemu waya kutoka hapo hadi mgongoni mwa voliyumu. Kushika nyuzi kusipobadilisha kitu lakini kushika chuma cha jeki (tundu la kuchomekea waya) kukapunguza, waya wa briji umekatika au uko juu ya rangi. Fungua briji utauona. Foili ya jikoni inakinga pia, ila lehemu haishiki juu yake.

Wakati umefungua, pima vipuri kwa mita. Voliyumu iwe 250K (kilo-omu) na kapasita ya toni mikrofaradi 0.047, ndivyo besi hii ilivyozoeleka. Nimefungua besi za mtumba nikakuta vipuri vya redio vya thamani tofauti kabisa, na mwenye nayo analalamika kwamba pikapu ina sauti ya kufunikwa. Kupandisha pikapu kidogo kwa skrubu zake kunabadilisha sauti bila gharama, lakini ukiisogeza karibu mno sumaku inazishika nyuzi na noti za juu zinayumba.

Na tafadhali, kama ukumbi wenu una soketi isiyo na athi, au mtu amekata mguu wa athi kwenye plagi ya ampli, rekebisheni hilo kabla ya besi. Mpigaji aliyeshika nyuzi akagusa maiki kwa mdomo anaweza kupigwa na umeme vibaya.

Umesema utahamia Dodoma. Pima shingo tena ukishakaa huko wiki kadhaa. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani ikikauka, ubao wa freti unasinyaa na ncha za freti zinachomoza pembeni mpaka zinakwaruza kiganja. Tupa ndogo na mkono mwepesi vinatosha, ukiwa umefunika ubao kwa masking tepu.

Fanya kipimo cha freti ya 7 na cha freti ya 17 kabla hujazungusha kitu chochote, uweke namba hapa pamoja na picha ya briji kutoka pembeni. Nikiona vidaraja vilivyokaa nitakuambia kama utahitaji kabari au la.